Waya wa Ardhi ya Mbali

Mafundi waliokuja kunichimbia msingi wa jiko jipya walilipata saa nne asubuhi, na kabla jasho halijawakauka tulikuwa tunagombania mwenyewe ni nani. Lilikuwa bomba la shaba, refu kama mkono wangu kutoka kwapani hadi ncha ya kidole, limeota ukijani kama ganda la ndizi mbichi. Kijana mkubwa wao akadai kwamba kilichotoka ardhini ni cha aliyeshika jembe. Nikamwambia ardhi ni yangu, jembe ni langu, na uji uliomo tumboni mwake tangu asubuhi nao ulikuwa wangu, kwa hiyo apige hesabu vizuri aone amebaki na nini. Tukapatana kwa birika moja la chai na chapati nane. Nilizihesabu mara mbili kabla ya kumkabidhi sahani, akacheka.

"Bibi, hata chapati?"

"Hata chapati."

"Na hili lilikuwa bomba la maji?"

"Hapana," nikamwambia. "Lilikuwa la kunyamazisha."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mzee ambaye jua limempiga, akaendelea kutafuna. Nilingoja waondoke ndipo nikalinusa. Udongo wa Biharamulo tunaujua harufu yake ukilowa, sote tuliokulia hapa, lakini ule ulikuwa na chumvi ndani yake. Au chumvi niliitia mimi kwa kukumbuka. Maana ni mimi niliyekuwa nikiimwaga.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho katika ule mstari wa maduka ya bati, wakati boma lilipokuwa la Waingereza na mtu akitaka kusikia habari za dunia ilimpasa angoje lori. Baba yangu, Sefu, alikuwa wa watu wa pwani waliofuata biashara bara wakasahau kurudi. Aliuza kanga, chumvi na mafuta ya taa. Kabla ya hapo alikuwa amepelekwa vitani Burma, na huko jeshi likamfundisha kutengeneza redio. Wenzake walirudi na makoti. Yeye alirudi na sanduku la vyuma, akalifungia chumbani, na mtu hakuruhusiwa hata kulifuta vumbi.

Mama alitoka Bugarama, upande wa Ngara, kwa wakulima Wakatoliki. Alisilimu ili aolewe, na nyumbani kwao jambo hilo halikusahauliwa. Kazi yake niikumbukayo kuliko zote ni kumenya ndizi. Alikaa kwenye kigoda ukumbi wa nyuma, kisu chake kidogo chenye mpini wa mti kikienda, naye akivuma. Sisemi aliimba. Kuimba kuna maneno. Yeye alifunga mdomo akatoa mmmm moja ndefu, inapanda kidogo, inashuka kidogo, haina mwanzo wala mwisho. Mimi nilimnyatia kwa nyuma nikamwekea kiganja mgongoni. Nilipenda kuusikia ule mvumo kwa mkono. Ukishuka, najua amenitambua.

"Ni wewe, mwana wanje?" Mwanangu, kwa Kihangaza. Jina langu la Mwajuma aliliacha kwa ajili ya watu wengine.

Nikiondoa mkono, anaendelea kuvuma.

Siku moja alipanda lori kwenda msibani kwao. Nilipouliza, baba akasema, "Amekwenda mara moja." Nilifurahi, kwa sababu nilijua kuhesabu. Mara moja ni ndogo kuliko zote. Isingekuwa mara mbili, sembuse mara tatu. Nikangoja.

Ila msiba uliisha na mama akabaki, akapitiliza ruhusa aliyopewa. Baba, kwa hasira, akamwandikia talaka. Hayo niliyasikia kwa shangazi Zuhura, dada yake mkubwa baba, aliyehamia kwetu ili kutupikia na kutusema. Alikuwa akimweleza jirani huku akichambua mchele.

"Talaka yenyewe ni moja," shangazi alisema. "Miezi mitatu ya eda haijaisha. Akimrejea ndani ya siku hizo, ni mkewe yule yule, hakuna ndoa mpya wala mashahidi wa kutafuta. Zikipita, ndiyo basi tena, aanze kuposa kama kijana. Na mzee wa Bugarama safari hii hatampa."

"Na Sefu anangoja nini?"

"Muulize wewe. Mimi akinisikia nasema, hali chakula."

Kumbe baba alikuwa akingoja sanduku. Alikuwa amevitoa vyuma vyake ili ajenge mashine ya kukuza sauti, kwa ajili ya maulidi. Alitaka kisomo kitoke uani kwetu kisikike hadi bomani. Mjini kwetu hakuna aliyewahi kuona kitu hicho. Watu walikuwa wakimuuliza mkewe yuko wapi, naye alitaka wamuulize jambo jingine.

Alipanga meza ukumbi wa nyuma, pale pale palipokuwa kigoda cha mama. Juu ya bati lililokunjwa pembe nne akasimamisha taa za kioo za ndani ya redio, tano, nikazihesabu tena, tano. Aliunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha na utomvu mkavu wa rangi ya asali, ambao ukipata moto unanuka kama ubani, hata shangazi akawa anapita akisema "Nani amekufa?" Jenereta ndogo ya jeshi aliiweka mbali, chini ya migomba, ili kelele zake zisiingie katika kisomo. Kutoka mezani nyaya zilikwenda hatua ishirini na mbili, zikaingia kwenye migomba, zikapotea. Huko nilikatazwa. "Ile mashine itakamata gauni lako," baba alisema. Kwa hiyo mwisho wa nyaya zile sikuujua. Nilijua tu upande zilikoelekea, na ulikuwa upande wa barabara ya Ngara, lilikopita lile lori.

Siku ya kwanza ya kuwasha, alasiri, zile taa zilianza kuwa nyekundu ndani taratibu. Vumbi lililokuwa juu yake likaungua, na harufu yake naijua mpaka leo. Kisha ile spika ya mdomo kama tarumbeta ikasema mmmmm.

Niliachia bakuli. Ilikuwa sauti yake. Mdomo umefungwa, haina mwanzo wala mwisho.

Baba alikuwa ameinama upande wa pili akilaani kwa sauti ya chini. Mimi nikasogea nikaweka kiganja juu ya bati. Ukaja msisimko mdogo kama wa mguu uliokufa ganzi, na mvumo ukashuka. Nikaondoa mkono, ukapanda. Mnaweza kucheka. Mimi sikuwa na shaka hata kidogo. Mama alikuwa Bugarama akimenya ndizi, na sauti yake ilikuwa ikija kwa waya.

"Huu mvumo lazima niuue," baba akasema.

Ndivyo zilivyoanza wiki nne ambazo baba na mimi tulikaa meza moja tukiombea mambo mawili tofauti. Yeye alisuka pamoja zile nyaya za kuwashia taa, kama anavyosuka nywele msusi, kwa sababu alifundishwa kwamba zikikaa mbalimbali zinavuma. Mvumo ukapungua, mimi nikakosa usingizi. Akahamisha ule mzigo wa chuma na nyaya uliopokea umeme, akauweka pembeni. Ukapungua tena. Akauviringishia waya wa maikrofoni karatasi zinazong'aa kama fedha zilizotoka ndani ya maboksi ya chai. Shangazi akalalamika kwamba majani ya chai yamelala nje yamepoteza ladha. Mvumo ukabaki mdogo, lakini ukabaki. Mimi nilimsifu moyoni. Mama alikuwa mbishi.

Sikuwa na mtu wa kumwambia. Watoto wa mtaa waliniita mtoto wa sanduku, nami sikuwajibu, kwa kuwa jina lenyewe halikuwa la uongo. Kila baba alipowasha nilikuwa hapo, nimekaa chini ya meza, naegemeza kichwa kwenye mguu wa mti unaotetemeka.

Aliyetutembelea ni Petro seremala. Alitoka Bugarama, kijiji kimoja na mama, akawa anamwita baba shemeji na kumtania kwa haki hiyo. Yeye ndiye aliyetengeneza kasha la mbao la mashine.

"Shemeji, dude rako bado rinaria kama nyuki," alisema. Petro l na r aliziacha zijipange zenyewe.

"Halishiki ardhi vizuri," baba akamjibu. "Nataka nilishikishe ardhi ya hapa hapa, mvumo uingie udongoni."

Ndipo lilipokuja hilo bomba. Alilipigilia nyuma ya ukumbi hadi likabaki kama kidole kimoja nje, akafunga waya kati yake na bati. Na kwa kuwa ilikuwa kiangazi, ardhi imekauka kama kigae, nikapewa kazi: kumwagia maji ya chumvi pale, asubuhi na jioni, makopo mawili. Nilifanya kwa woga. Maji niliwahi kuyaona yakimwagwa juu ya kaburi la bibi siku ya mazishi, na sikujua hapa tumemzika nani.

Lakini mvumo haukufa. Ulizidi! Baba alikaa akishika ndevu siku mbili nzima. Siku ya tatu alimwita Petro, uso umeng'aa. Mimi nilikuwa mahali pangu, chini ya meza.

"Nimeupata ugonjwa. Ina ardhi mbili. Moja hii ya hapa, nyingine ile ya mbali, niliyoifunga mwanzo nikaisahau. Mashine ikishika ardhi mbili haitulii, inavutwa huku, inavutwa kule, ndiyo inaguna."

"Basi utafanyaje?"

"Moja lazima niikate."

"Ipi?"

"Ya mbali."

Niliona miguu ya Petro ikibadilishana uzito. Kisha akasema, si kwa utani, "Na ire nyingine ya mbari, shemeji? Siku zake umezihesabu?"

"Nimezihesabu. Zipo za kutosha."

"Yeye anazihesabu kira siku. Dada yangu arikuwa kwao juzi, amemwona. Anakaa nje, anatazama barabara."

"Nimekwambia zipo, Petro. Maulidi ni Ijumaa. Nikimaliza maulidi, Jumamosi napanda lori. Nitakwenda nikiwa mtu, si nikiwa na aibu."

Nilielewa nusu tu, na nusu hiyo niliielewa vibaya. Nilisikia kwamba kuna ardhi ya mbali, na baba anaikata. Akashuka kwenye migomba na koleo mkononi. Akarudi, akawasha. Taa zikawa nyekundu, vumbi likaungua, na ile spika ikakaa kimya. Kimya kabisa, kama nyumba iliyohamwa.

Baba alimkumbatia Petro. Mimi nilianza kulia, akanibeba akadhani ni furaha. "Umeona, Mwajuma? Imetulia."

Sasa mjue kwamba mimi nilizaliwa dukani. Nilijua kwamba mtu akikunyima upande wake, nawe unashika wako. Ikiwa baba ameikata ardhi ya mama, basi mimi nitaitoa hii ya kwetu, mashine ikose pa kushika, ndipo itakwenda yenyewe kumtafuta wa mbali. Ilikuwa hesabu safi. Ijumaa asubuhi, shangazi akiwa kwenye vyungu vya pilau, nikaufungua ule waya kwenye bomba. Nikafikiri ni vizuri kuuonyesha njia. Kisu cha mama cha ndizi kilikuwa kimechomekwa pale pale kwenye nyasi za paa la ukumbi, mahali alipokiacha. Nikakichomeka ardhini, penye udongo mkavu nyuma ya kinu, nikaufunga waya kwenye kisu, nikafukia.

Baada ya sala ya alasiri watu walijaa uani. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikaa mbele ya maikrofoni, ameinyooshea shingo kama anayeogopa itamng'ata. Petro alikuja kwa ajili ya pilau na hakulificha hilo. Baba, kanzu mpya na makubadhi mapya, akawasha.

MMMMMM.

Watoto walikimbia. Mwalimu akasema bismillahi na hakuna aliyeisikia. Mvumo ulijaa ua wote, mkubwa kuliko siku zote, na mimi peke yangu katika watu wale nilikuwa nacheka, kwa sababu amekuja.

"Sefu, umefuga simba humo?" mzee mmoja akauliza, na kicheko kikapita safu hadi safu.

Baba akaweka mkono juu ya bati. Haikusaidia kitu. Akagusa hapa, akagusa pale, jasho likimtoka hadi kola ikabadilika rangi. Nilipomwona uso wake, kicheko changu kikaisha. Nikamwendea, nikaweka kiganja changu kwenye bati, kwa mazoea tu, kama unavyomgusa mtu umwambie upo.

Mvumo ukashuka ukawa kama pumzi.

Baba akanitazama. Akatazama miguu yangu: mitupu, juu ya udongo uliolowa maji ya udhu. Akatazama makubadhi yake. "Wewe umeshika ardhi," akasema polepole. "Kaa hivyo hivyo. Usiondoe mkono mpaka nikwambie."

Nikakaa hivyo. Kisomo chote, kuanzia mwanzo hadi dua, nilisimama nimeweka mkono kwenye lile bati la moto, ganzi ikinipanda hadi kiwikoni, na sauti ya mwalimu ikatoka safi ikaenda hadi bomani. Watu walisema mashaallah. Mimi nilikuwa nikimnyamazisha mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na kila nilipotaka kuuinua, baba alinitazama.

Watu walipoondoka alizima. Kisha akaushika ule waya akaufuata kwa vidole, hatua kwa hatua, mpaka nyuma ya kinu. Akafukua. Kisu kilipotoka alichuchumaa akiwa amekishika, kanzu mpya imeburuta vumbini.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini, Mwajuma?"

"Ulimkata," nikasema. "Alikuwa anavuma humo, ukasema utamuua. Ukamkata upande wa mbali."

Nilingoja kofi. Baba alikigeuza kile kisu, akakigeuza tena, akafuta udongo kwenye mpini kwa ncha ya kanzu. Halafu akaniuliza jambo la ajabu. "Inafanana?"

"Ni yeye."

Usiku ule aliurudisha waya kwenye bomba, na kesho yake akapanda lori la Ngara na Petro, kisu kimefungwa kwenye karatasi ya fedha iliyobaki. Alisema atarudi Alhamisi. Tangu Jumatano nilikuwa barabarani. Nilikuwa nimefagia ukumbi, nimekirudisha kigoda mahali pake, nimeisogeza meza ya mashine pembeni, maana kigoda kilikuwa na haki ya kwanza.

Lori lilifika Alhamisi mchana, jeupe kwa vumbi. Watu wakashuka. Niliwahesabu: saba. Mmoja wao baba. Nikasema nimekosea, kwa kuwa mama ni mdogo wa umbo, huenda amefichwa na mzigo. Nikawahesabu tena, mmoja mmoja, nikimgusa kila mtu kwa macho. Saba.

Shangazi hakuuliza. Baba alikaa kwenye ngazi ya duka, akanywa maji, ndipo akasema, akimwambia yeye lakini akinitazama mimi:

"Mimi nilianzia kuhesabu siku barua ilipofika kwao. Kumbe inahesabiwa tangu siku niliyoandika. Siku kumi na moja katikati. Eda iliisha kabla hata ya maulidi." Akaliweka kopo la maji chini. "Mzee anasema sasa ni binti yake tena, na mtu wa kwetu hampi."

"Hukuhesabu vizuri, Sefu?" shangazi akasema.

"Nilihesabu mara moja."

"Kisu alikipokea?" nikauliza mimi.

"Alikipokea."

Nilikuja kumwona mama nikiwa nimeolewa, nina mtoto mgongoni. Alimenya ndizi mbele yangu, chano kizima, kwa kisu kile kile. Alimenya kimya.

Lakini Alhamisi ile, jua likiwa bado juu ya migomba, baba aliinuka akaenda nyuma ya ukumbi. Nikamfuata kwa mbali. Aliufungua waya kwenye bomba akauacha unaning'inia. Akashuka kuwasha jenereta, akarudi, akazingoja zile taa ziwe nyekundu. Mvumo ukaja. Mimi siku hiyo nilikuwa sijamwaga maji ya chumvi. Nikaona baba anachukua kopo langu na kumwaga pale aliposimama, miguuni pake. Kisha akavua makubadhi.

Akakanyaga tope, akaweka kiganja juu ya bati, taratibu, kama mtu anayenyatia. Mvumo ukashuka. Akangoja kidogo, akauondoa mkono, ukapanda. Akauweka tena.

Mara mbili. Nilihesabu.